Zizi Moja, Wenyewe Wawili

Pikipiki iliposikika ng'ambo ya korongo, Nyanzala alizima mashine ya kusaga ili asikie vizuri. Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni na madebe yao ya mahindi walitazamana, wakanyamaza. Walishamzoea. Mwaka wa tatu sasa mama huyu alikuwa akisaga nusu debe, anazima, anasikiliza, ndipo anawasha tena.

"Hiyo ya mwalimu," mmoja alisema. "Huisikii? Inakohoa."

Kweli ilikuwa ya mwalimu. Ikapita na vumbi lake. Nyanzala akawasha mashine, lakini unga wa kwanza ukamwagika nje ya ndoo.

Pikipiki alizoziogopa hazikukohoa. Zilikuwa mpya, zikija mbili mbili, na waliozipanda walivaa fulana za zambarau za kampuni ya mikopo ya mjini Mpanda.

Mara ya kwanza walikuja kwa wema. Afisa wao, kijana mpole aliyeitwa Lukmani, alivua kofia, akapokea maziwa mgando kwa mikono miwili, akamwita "mama yangu". Nyanzala alikuwa mjane. Alitaka mkopo wa kununua injini ya mashine, maana kijiji chao, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka mjini kwa njia ya Inyonga, kilikuwa kikibeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Fomu ilijazwa juu ya goti la Lukmani mpaka walipofika kwenye dhamana.

"Mama yangu, una ng'ombe wangapi?"

Msukuma aliyelelewa vizuri hajibu swali hilo. Ng'ombe hawatajwi idadi mbele ya mgeni. Ni kuwaitia balaa. Nyanzala alitazama pembeni, akasema kama mama yake angesema: "Zizi si hilo unaliona."

Lukmani akaliona. Alisimama kwenye ua wa miiba, akahesabu kwa kidole, akaandika kumi na wanne. Kisha akapiga picha tatu kwa simu. Nyanzala alikitazama kile kidole kikiruka kutoka mgongo hadi mgongo, lakini hakulisema neno moja ambalo lingeokoa kila kitu: kwamba wake walikuwa watano tu.

Hakulisema kwa sababu hakuona kama ni lake kulisema. Tisa waliobaki walikuwa wa Gaudiose, mjane mwenzake wa Mwese, huko milimani.

Walijuana hospitalini. Waume zao walilazwa vitanda jirani, na wao wawili wakalala chini katikati kwa mwezi mzima, wakichangia ndoo ya kufulia na sufuria ya uji. Waume walikufa wiki moja. Kabla ya matanga kwisha huko Mwese, shemeji wa Gaudiose, Séverin, alikuwa ameshaanza kuuliza habari za bati la nyumba, za mashamba, za ng'ombe. Gaudiose aliwaambia wakweze kwamba ng'ombe wameuzwa kulipia matibabu. Kumbe alikuwa amewapitisha porini siku nne, akawakabidhi kwa Nyanzala bila karatasi wala shahidi.

Utaratibu wa kutunziana ng'ombe Nyanzala aliukuta kwa mumewe, na mumewe aliukuta kwa baba yake. Anayetunza hunywa maziwa, na baada ya miaka kadhaa hupewa ndama. Ng'ombe akifa, ngozi yake hupelekwa kwa mwenyewe, ajue kwamba hakuliwa wala hakuuzwa. Na mwenyewe hatajwi kwa mtu yeyote. Nyanzala mwenyewe alikuja kujua kwamba nusu ya zizi la mumewe ni la watu siku walipokuja kuwachukua, mmoja mmoja, baada ya mazishi.

Basi alitia sahihi. Kusoma alijua. Aliyaona maneno "mifugo yote iliyopo zizini", akadhani ndivyo ofisi zinavyoandika tu.

Alilipa kila Ijumaa kwa miezi kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili bomba la injini lilipasuka, akachelewa wiki mbili. Kumbe kuchelewa kuna faini, faini ina riba, na riba nayo ikichelewa ina faini yake. Alipokwenda ofisini na risiti zote kwenye mfuko wa plastiki, Lukmani alimgeuzia kioo cha kompyuta aone. Deni lilikuwa kubwa kuliko siku aliyokopa.

"Mama yangu, si mimi. Mfumo ndio unasema hivyo."

"Huyo mfumo yuko chumba gani? Nionane naye."

Watu kwenye benchi walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Mwezi uliofuata walikuja na dalali na makopo ya rangi nyekundu ya kupuliza. Hawakupiga kelele wala hawakumtukana. Waliingia zizini wakampulizia kila ng'ombe alama ya msalaba ubavuni, wakamwachia barua ya siku kumi na nne. Rangi ilibaki kwenye manyoya mpaka masika. Tangu siku hiyo Nyanzala akawa anazima mashine kusikiliza.

Aliyemsaidia alikuwa Raya, binti wa Mpanda mjini, msaidizi wa kisheria mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la baba yake. Alikuwa na sauti ndogo, na mwanzoni Nyanzala alihofu kwamba huko mahakamani haitasikika. Lakini Raya aliandika, akaandika tena, na siku ya kumi na tatu mahakama ikatoa zuio la muda: ng'ombe wasiguswe mpaka kesi iishe.

Nyanzala alidhani kesi ni jambo la wiki tatu. Siku moja wakili wa kampuni alikuwa anaumwa. Siku nyingine alikuwa safarini. Hakimu wa kwanza akahamishwa, akaja mwingine, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ikabidi asome jalada upya. Kila mara karani alitangaza tarehe ya mbele, na Nyanzala alirudi nyumbani nyuma ya pikipiki ya kukodi, nauli imekwenda na siku ya kusaga imekwenda. Ujumbe wa simu nao haukukoma. Mmoja ulimjia akiwa kanisani: "Tunajua bintiyo Happiness anasoma uuguzi chuo gani." Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote wa kampuni jina la binti yake. Aliufuta, halafu akajuta kuufuta, maana Raya alikuwa amemwambia atunze kila kitu.

Mwaka wa pili ndipo alipothubutu kumwambia Raya.

"Mwanangu, kuna kitu. Wale tisa si wangu."

Raya aliweka kalamu chini. "Mbona hukusema siku ya kwanza, mama?"

"Ningeanzaje?"

"Ni wa nani?"

Nyanzala alitazama vitenge vilivyopangwa hadi darini.

"Nisikilize basi," Raya alisema. "Kwenye faini tuna risiti, tutawabana. Ila ng'ombe umeweka sahihi wote. Ukisema tisa si wako bila kumtaja mwenyewe, hakimu ataona umetunga hadithi juzi. Watachukuliwa wote."

"Na nikimtaja?"

"Itabidi aje aseme kwa mdomo wake. Mbele ya watu."

Hapo ndipo hofu ya Nyanzala ilipogeuka sura. Kabla ya hapo aliogopa kupoteza ng'ombe. Sasa alijua kuna njia mbili za kuwapoteza ng'ombe wa Gaudiose, moja kwa kunyamaza na nyingine kwa kusema. Watu wa Mwese walikuwa wakija mahakamani kila wiki kwa kesi zao za mipaka. Jina likitajwa asubuhi Mpanda, jioni Séverin analo. Kwa mwaka mzima hakumwambia Raya lolote zaidi. Ndipo hakimu akasema maahirisho yametosha, kikao kijacho ni ushahidi. Nyanzala akafunga mashine, akaenda Mwese.

Pikipiki ilimpandisha milima mpaka mahali ambapo mvua ilikuwa imekula njia, akamalizia kwa miguu. Gaudiose alikuwa uani anapepeta maharage. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kucheka upesi, na alicheka alipomwona, halafu akaacha.

"Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mwekundu kazaa tena, jike."

"Basi mbona umekuja na sura ya msiba?"

Waliingia ndani. Sakafuni ilitandikwa ngozi ya kahawia yenye baka jeupe refu, lililopinda katikati. Ng'ombe wa ngozi ile alikufa kwa ndigana, homa ya kupe, mwaka uliopita, na Nyanzala aliileta mwenyewe ndani ya gunia. Gaudiose aliwaambia majirani ameinunua mnadani. Nyanzala alikaa pembeni yake asiikanyage, akaeleza yote, tangu kidole cha Lukmani.

Gaudiose hakumkatiza. Mwisho akasema, "Kwa hiyo uliwaweka rehani ng'ombe wangu."

"Sikuwaweka. Sikuwatoa tu."

"Kwa ng'ombe kuna tofauti gani?"

Kabla Nyanzala hajajibu, mlango ulitiwa giza. Mwanaume mnene aliingia bila hodi, akavuta kigoda cha mwenye nyumba, akakikalia.

"Shemeji, una mgeni na hatuambizani."

"Ni dada niliyeuguza naye," Gaudiose alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Karibu, dada. Watu wa ng'ombe nyie, hamji mahali bure." Séverin alitabasamu, akaanza kuisugua ile ngozi kwa kidole cha mguu, taratibu, kama mtu anayewaza jambo lingine. "Nilipita tu kukwambia. Lile shamba la bondeni nimempa Enoka alime msimu huu. Nilisahau kukueleza."

"Nilikuwa nimeshaling'olea magugu."

"Ndiyo, ameniambia. Anashukuru."

Alipoondoka, wanawake wawili walingoja mpaka kikohozi chake kikapotea kwenye migomba.

"Umeona," Gaudiose alisema. "Shamba limekwenda akiwa amekaa kwenye kigoda changu. Kitu pekee nilichobaki nacho ni kile asichokijua."

"Wataniuliza mbele ya hakimu. Nitasema nini?"

"Sema utakalo. Usinitaje."

"Watawachukua, Gaudiose."

"Wakichukuliwa na kampuni nitalia siku moja. Huyu akijua niliwaficha, nitafukuzwa hapa na watoto. Usinitaje, dada. Uliniahidi."

Nyanzala aliahidi tena. Njia nzima ya kushuka milima alijaribu kutafuta namna ya kusema kweli bila kuisema, asiipate.

Siku ya ushahidi chumba cha mahakama kilijaa watu waliokuwa wakisubiri kesi zao. Nyanzala aliapa, akashika mbao za kizimba cha mashahidi. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mwenye tai, na mpole kuliko alivyomtarajia. Upole ule ulimtisha zaidi.

"Mama, unajua kusoma?"

"Najua."

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Hapa pameandikwa mifugo yote. Unajua maana ya yote?"

"Naijua."

"Sasa unaiambia mahakama kwamba tisa si wako. Ni wa nani?"

"Wa mwenyewe."

Watu walicheka. Karani akagonga meza.

"Mwenyewe ana jina?"

"Analo."

"Tunaomba utusaidie kulitaja."

Nyanzala alimwona Raya akimtazama kwa macho ya kusihi. Nyuma ya Raya, kwenye benchi la tatu, kulikuwa na wazee watatu wa Mwese aliowahi kuwaona njiani.

Hakimu alivua miwani. "Mama, hapa umeapa. Ukikataa kujibu, mahakama itaandika kwamba umekataa, na itachukulia inavyoona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Unamtaja?"

"Simtaji."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kalamu ile ilisikika chumba kizima.

Nje, chini ya ukuta wa mahakama, Raya alijitahidi asilie, akashindwa. "Mama, nimekaa na jalada hili miaka mitatu. Umelichana kwa neno moja."

"Nisamehe, mwanangu."

"Tumebakiza kikao kimoja cha mashahidi. Wiki mbili. Baada ya hapo sina la kufanya."

Wiki ya kwanza Nyanzala hakula vizuri. Kila asubuhi aliwatoa ng'ombe akiwaangalia kama watu wanaosafiri. Aliwaza kuwatorosha, kuwarudisha porini walikotoka, lakini kuvunja zuio kungempeleka yeye jela na kampuni ingewatafuta hadi mwisho. Injini aliiacha imezimwa, kijiji kikarudi kubeba mahindi kichwani.

Siku ya tisa simu iliita.

"Kesi ni lini?" Gaudiose aliuliza bila salamu.

"Jumatano. Kwa nini?"

"Séverin alikuwa hapa. Kanisimulia kisa walichokileta wazee kutoka mahakamani. Kwamba kuna mwanamke wa Kisukuma, mjinga kabisa, ameulizwa jina na hakimu, akakataa kulitaja, sasa atafilisiwa kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuja. Alicheka mpaka akapaliwa. Hakujua anamsimulia nani."

Nyanzala aliibana simu sikioni.

"Na mimi nikacheka naye," Gaudiose alisema, sauti ikimkatika. "Nilicheka, dada, ili asinitambue. Alipoondoka sikuweza kukaa. Jumatano nipokee stendi. Naja na ngozi."

Alishuka kwenye gari la Mwese na gunia kichwani, amevaa kitenge cha kanisani. Njiani kwenda mahakamani alisimama mara mbili akisema hawezi, na mara zote mbili ni yeye mwenyewe aliyeanza tena kutembea.

Kizimbani alitaja jina lake kwa sauti ambayo hakimu alilazimika kuomba airudie. Alieleza habari za hospitali, za njia ya porini, za wakweze. Kisha akafungua gunia akatandaza ngozi mbili, ile ya kahawia na nyingine ya zamani, sakafuni mbele ya meza ya karani.

"Hizi ni za ng'ombe wangu wawili waliofia kwa Nyanzala. Kwetu na kwao ni sawa, ng'ombe wa mtu akifa, ngozi inarudi kwa mwenyewe."

Wakili wa kampuni alisimama. "Mheshimiwa, ngozi zinauzwa kila mnada. Mimi nikitaka hata kesho naleta tano."

Watu walicheka tena. Hakimu hakucheka. Alikuwa akipekua jalada. Akatoa karatasi moja yenye picha za rangi, zile ambazo kampuni yenyewe ilizileta mwanzoni kuonyesha dhamana yake. Akainuka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akazunguka meza, akaiinamia ile ngozi ya kahawia. Akaangalia picha. Akaangalia baka jeupe, refu, lililopinda katikati.

"Nani alipiga picha hizi?"

Lukmani alisimama kwenye benchi la nyuma. Hakuwa amevaa fulana ya zambarau siku hiyo, na bila hiyo alionekana mdogo.

"Mimi, mheshimiwa."

"Njoo hapa. Huyu wa katikati na ngozi hii, unaonaje?"

Lukmani alitazama kwa muda. Wakili wake alikuwa akimtazama yeye.

"Anafanana, mheshimiwa."

"Anafanana au ndiye?"

"Ndiye."

"Siku unahesabu, ulimuuliza mama huyu kama wote ni wake?"

"Nilimuuliza wangapi. Kama ni wake wote sikuuliza."

Hakimu alirudi kwenye kiti chake, akaandika, akataja tarehe ya hukumu. Ilikuwa miezi miwili mbele. Gaudiose hakurudi Mwese. Alilala kwa Nyanzala, watoto wake wawili wakaletwa na jirani kwa siri, na sasa wakawa wanawake wawili wanaosikiliza pikipiki.

Hukumu ilisomwa asubuhi, kwa sauti kavu, na Raya alikuwa akiwanong'onezea maana. Faini juu ya faini hazikuwa kwenye mkataba, zifutwe. Kilichobaki cha mkopo halisi Nyanzala akilipe ndani ya miezi sita. Ng'ombe tisa kati ya wale waliohesabiwa, na uzao wao, si mali ya mkopaji, hawakuwa halali kuwekwa dhamana, ni mali ya Gaudiose. Hakimu akalitaja jina lote, na la baba yake.

Nyanzala alisubiri furaha, haikuja. Alikuwa amewaangalia watu wa kampuni. Hawakuwa na huzuni yoyote. Wakili wao alifunga mkoba akasema kwa upole ule ule kwamba watakata rufaa Sumbawanga.

"Wanaweza?" Nyanzala aliuliza walipofika nje.

"Ni haki yao," Raya alisema. "Tutawakuta huko huko. Usiogope, mama." Lakini yeye mwenyewe alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Gaudiose alikuwa anawaza jambo lingine. "Mwanangu Raya. Hilo la mimi wameliandika?"

"Limeandikwa."

"Jina langu, si la marehemu?"

"La kwako, mama."

"Karatasi hiyo mtu anaweza kupewa?"

"Nakala, ndiyo. Inapigwa mhuri."

Gaudiose alikaa kwenye ngazi za mahakama. Alikuwa ameolewa miaka kumi na tisa, amelima mashamba manne, amezaa watoto watano na kuwazika watatu, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba kitu fulani ni chake. Kampuni iliyotaka kumnyang'anya ng'ombe ilikuwa imemlazimisha hakimu kuandika.

"Nitawarudisha Mwese," alisema.

Nyanzala alishtuka. "Séverin atawachukua siku hiyo hiyo."

"Labda. Kwako watakuja wa zambarau wakishinda rufaa. Kwangu atakuja Séverin. Heri wa kwangu, huyo namjua."

Walipata kibali cha kusafirisha mifugo na nakala tatu za hukumu, wakaondoka na ng'ombe kwa miguu. Ndama walichelewesha mwendo. Siku ya nne, jua limeinama kidogo, walianza kupanda kilima cha mwisho. Njia ya kwenda kwa Gaudiose ilipita mbele ya nyumba ya Séverin, na kulikuwa na njia nyingine ya kuzungukia mtoni. Nyanzala alimtazama mwenzake. Gaudiose aliiacha ile ya mtoni bila kugeuza uso, ila hatua zake zilikuwa fupi, na mkono ukiwa umebana karatasi kifuani.

Séverin alikuwa amekaa nje na wanaume wawili, wanacheza drafti. Aliwaona ng'ombe kwanza, halafu akamwona aliye nyuma yao. Alisimama, akaja akasimama katikati ya njia.

"Shemeji. Umepotea miezi miwili. Hawa ng'ombe wa nani?"

Nyanzala alitamani amsemee Gaudiose, lakini hilo halikuwa lake kulisema, wala halikuwahi kuwa lake siku nyingine yoyote.

"Wangu," Gaudiose alisema.

"Wako umewatoa wapi?"

Gaudiose alimpa karatasi. Séverin aliisoma kwa midomo, mstari kwa mstari. Alipofika mahali fulani alirudi juu akaanza upya. Mmoja wa wale wanaume alikuja akachungulia begani kwake.

"Kaka," alisema taratibu, "hii ina mhuri wa mahakama."

"Nimeuona."

Vidole vya Séverin vilikaza pembe mbili za karatasi. Nyanzala aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

"Ukiichana," Gaudiose alisema, na sauti yake ilitetemeka tangu neno la kwanza hadi la mwisho, "nyingine anayo mwanasheria wangu. Nyingine ninayo. Na ya asili iko mahakamani."

Séverin alimtazama kama mtu anayemwona mgeni. Hakurudisha karatasi, hakuichana, hakuondoka njiani. Ng'ombe hawakumngoja. Yule mwekundu alitangulia, akampita kushoto, ndama wake akampita kulia, na wengine wakafuata pande zote mbili, wakimgusa kwa mbavu zao zenye vumbi, wakipanda kuelekea uani kwa Gaudiose.

Gaudiose alinyoosha mkono, akaivuta karatasi yake kutoka vidoleni mwa Séverin. Ilitoka.